Furaha ya Pombe ya Krismasi, Je, ni Furaha ya Kristo?



Mpendwa kijana mwenzangu, tumeingia Majilio, na kama ilivyo kila mwaka, swali lile limeanza tena kuzunguka kwenye vikao vyetu vya VIWAWA: Mkatoliki akinywa pombe siku ya Krismasi anakosea? Mwaka huu dada mmoja wa parokia yetu ameliuliza kwa namna iliyonikamata. Yeye hakuuliza kama inaruhusiwa au hairuhusiwi. Aliuliza hivi: "Ile furaha ninayoisikia nikiwa na ndugu zangu, kopo linazunguka, watu wanacheka, ni furaha ya kwamba Kristo amezaliwa? Au ni pombe tu, imevalishwa nguo za sikukuu?"

Kikao kizima kilinyamaza. Kisha kila mtu akaanza kuongea kwa wakati mmoja, si unatujua.

Majibu ya haraka yapo mawili, na yote umeshayasikia. La kwanza tunapewa na baadhi ya majirani zetu wa makanisa mengine, wanaosema Wakatoliki na pombe ni chanda na pete, kwa hiyo wala tusijisumbue kutafuta Kristo humo. La pili tunalitoa wenyewe: "Yesu mwenyewe aligeuza maji kuwa divai!" Tukishasema hivyo tunaona kesi imekwisha, tunajaza tena. Lakini yule dada hakuuliza kuhusu maji na divai. Aliuliza kuhusu furaha: inatoka wapi, na utaijuaje. Naomba tulikalie swali hilo pamoja leo, polepole.

Kwetu Kilangali

Mimi ni mtoto wa Kilangali, wilaya ya Kilosa, njia ya kutoka Kilosa mjini kuelekea Mikumi. Krismasi yetu haina theluji wala makoti kama kwenye kadi. Ni jua kali asubuhi, mawingu mchana, mvua jioni, na tope mpaka mlangoni mwa kigango. Ni wakati watu wako mashambani, wanatayarisha majaruba ya mpunga na kupanda mahindi. Ghala linapungua, mavuno yako mbali. Katikati ya joto hilo na kazi hiyo ndipo Noeli inatukuta.

Na pombe ya Noeli kwetu, kwa nyumba nyingi ninazozijua, ni komoni. Shangazi yangu ndiye mpishi. Yeye huhesabu siku kurudi nyuma kuanzia tarehe 25. Ulezi unalowekwa mapema, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa: hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi unavundikwa siku kadhaa, unakaangwa mpaka harufu yake inafika barabarani, kisha unapikwa uji. Uji ukipoa kidogo, unatiwa kimea. Jioni hiyo ukionja, ni togwa: tamu, laini, mtoto anakunywa na bibi anakunywa. Ukiiacha kwenye pipa usiku kucha inaanza kuchemka yenyewe bila moto, na kadiri saa zinavyokwenda inakuwa komoni. Ukiiacha zaidi ya hapo, inakuwa siki ambayo hata mlevi anaikunjia uso.

Nimekuwa nikilitazama pipa lile tangu nikiwa mdogo. Ni nafaka ile ile na ni maji yale yale. Kinachotofautisha kinywaji cha mtoto, kinywaji cha sikukuu na kitu cha kumwaga ni muda, na mtu anayeulinda huo muda.

Kila mahali watu wana yao. Wachaga wanaporudi Kilimanjaro mwezi Disemba wanakuta mbege ya ndizi na ulezi. Iringa na Njombe mvua zikianza ndiyo majira ya ulanzi unaogemwa kwenye mianzi. Na Ulaya (sisemi kata ya Ulaya iliyoko hapa wilayani kwetu Kilosa, nasema ile ya mbali) Krismasi inaangukia kwenye baridi kali, kwa hiyo watu hupika bia nzito, nyeusi kidogo, wengine wanatia viungo, na bia hiyo hutoka majira hayo tu. Wanorwe wa zamani walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Gulating, ya miaka mingi kabla ya mashine na viwanda, ilimlazimisha mkulima apike pombe ya Krismasi, nayo ibarikiwe usiku mtakatifu kwa kumshukuru Kristo na Mama Maria, kuombea mwaka mwema na amani. Asiyepika alipigwa faini! Sheria hiyo hiyo ilitaka pombe nyingine, ile ya kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, inywewe na wakulima wasiopungua watatu kwa pamoja. Yaani mtu kujifungia na pipa lake peke yake haikuhesabika kuwa sikukuu.

Kanisa halioni aibu

Turudi kwenye imani yetu. Zaburi ya 104 inaihesabu divai inayofurahisha moyo wa mtu kati ya zawadi za Mungu, pamoja na mkate na mafuta. Kule Kana (Yn 2:1-11) kulikuwa na mitungi sita ya mawe, na kwa vipimo vya kwao kila mmoja ulichukua kama lita 80 hadi 120. Piga hesabu ya kwetu: jumla ni ndoo 24 mpaka 36 za lita 20. Na ilikuwa divai nzuri kuliko ile ya mwanzo. Bwana wetu hakuitengeneza kwa kunung'unika.

Kanisa likaendelea hivyo hivyo. Katika kitabu cha zamani cha Kilatini cha ibada na baraka, Rituale Romanum, kuna baraka ya bia, na kuna baraka ya divai kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mtume, tarehe 27 Disemba, ndani ya oktava ya Noeli kabisa. Monasteri za Watrapisti kule Ubelgiji zinapika bia mpaka leo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ladha yenyewe ni dhambi, au kwamba kucheka mezani na ndugu zako ni upagani, mjibu kwa upole kwamba Kanisa halijafundisha hivyo.

Lakini Kanisa hilo hilo halikuishia hapo. Katekisimu namba 2290 inaweka pombe kwenye fungu moja na chakula, tumbaku na dawa: fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila aina ya kupindukia. Halafu inaongeza jambo ambalo kila dereva wa bodaboda angebandika kwenye tangi la mafuta: anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, ana hatia nzito. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alifundisha kwamba mtu anayejua kinywaji ni kikali, akachagua kwa hiari apoteze akili kuliko kukiacha, anatenda dhambi ya mauti, kwa sababu anaitupa kwa makusudi ile akili aliyopewa imsaidie kutenda mema. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwapimia wamonaki wake kipimo kimoja cha divai kwa siku, akikiri kwamba imeandikwa divai haiwafai wamonaki kabisa, na akasema waliojaliwa kujinyima watapata tuzo yao kwa Mungu.

Mstari ninaoupenda kuliko yote uko katika Yoshua bin Sira, sura ya 31. Mwenye hekima yule anasema divai ni furaha ya moyo ikinywewa kwa masharti mawili: kwa wakati wake, na kwa kiasi. La kiasi tunalijua, mapadre wanatuhubiria. La wakati ndilo tunaloliruka.

Kwa wakati wake

Niliwahi kumuuliza Shangazi kama anaona dhambi kupika pombe. Akaniangalia kama ninayemcheleweshea kazi. "Mwanangu, pombe haina dhambi. Ila ina siku."

Hebu tulifikirie hilo. Kijana anayekunywa kila Ijumaa, kila mechi, kila mshahara na kila msiba, ikifika Noeli atafanya nini? Kinywaji kimeshakuwa cha kawaida kama maji ya bomba. Hana njia nyingine ya kuiadhimisha siku isipokuwa kunywa zaidi. Ndiyo maana Krismasi za mjini mara nyingi zinaishia kwenye wingi: kreti mbili badala ya moja, mpaka asubuhi badala ya mpaka usiku. Watu wanadhani hao ndio wanaoifurahia sikukuu sana. Mimi naona wameipoteza, maana mtu hawezi kupokea kwa furaha kitu ambacho hakukingoja.

Mama Kanisa anatupa Majilio, Dominika nne za kungoja, rangi ya zambarau, bila Utukufu. Tukifika Mkesha na kengele zikalia wakati wa Utukufu, hata mtoto anaelewa kuna kitu kimetokea. Sasa kama tumbo lako na kopo lako havijui kwamba kulikuwa na Majilio, vitajuaje kwamba Noeli imefika? Na wengine wanaianza kabla hata ya Misa! Kanisa linatuomba tufunge walau saa moja tu kabla ya Komunyo. Kuingia Mkesha ukinuka komoni ni sawa na kufika harusini umeshakula nyumbani.

Na sikukuu ina mwisho. Kwa Shangazi, jioni ya Mtakatifu Yohane pipa linaoshwa na kugeuzwa kifudifudi uani. Ukija tarehe 28 ukiulizia, anakuonyesha lile pipa kwa kidole, maneno hakuna. Mtu ambaye furaha yake inaweza kusimama pipa likiwa limegeuzwa, huyo ana dalili njema. Mtu ambaye pipa likigeuzwa anatafuta gongo vichochoroni, kitu kilichopigwa marufuku na kinachopofusha na kuua watu, huyo ajue kuwa sikukuu yake ilishamtoroka siku nyingi.

Nani analipa?

Kuna kipimo kingine, nacho ni cha haki. Komoni ni chakula kabla haijawa kinywaji. Mahindi yale yangeweza kuwa ugali wa Februari, mwezi ambao nyumba nyingi za kwetu zinapima unga kwa jicho. Shangazi hapiki kabla hajapima. Anatenga chakula mpaka mavuno, anatenga mbegu, anatenga cha kuuza kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari. Kinachobaki ndicho kinaenda kwenye pipa. Kisipobaki, hakipikwi.

Mliokuwa mmezaliwa mnakumbuka mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa Disemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika. Maelfu ya watu walipoteza makazi na reli ikakatika. Krismasi iliyofuata Shangazi hakupika. Mahindi ya pipa aliyagawa kwa ndugu waliokuwa hawajasimama bado. Tulikunywa chai ya rangi, tukaimba, tukalala. Ilikuwa Noeli kamili.

Kwa hiyo kabla hujasema "leo nafurahi", angalia hesabu ya furaha yako imelipwa na nani. Mama aliyekesha kwenye moshi akipika huku wanaume wamekaa? Binti aliyekosa kwenda kwaya kwa sababu ya kuchota maji? Mtoto atakayefika shuleni Januari bila daftari? Furaha yenye deni kwa mnyonge haiwezi kuwa ya yule Mtoto aliyelazwa horini.

Meza inamkosa nani?

Nimeacha la mwisho, na kwangu ndilo zito zaidi.

Nina binamu, mtoto wa Shangazi huyo huyo. Miaka yake ya mjini ilikwenda vibaya: alipoteza kazi, akapoteza mchumba, karibu apoteze na ini. Kwa neema ya Mungu, na kwa msaada wa watu wachache waliomvumilia, aliacha. Hakupunguza, aliacha kabisa, kwa sababu kwake kopo moja halikuwahi kuwa moja.

Krismasi ya kwanza alirudi nyumbani. Alipita nyumba tano kusalimia, na nyumba tano akapewa kopo. Alipokataa walicheka. "Umeokoka?" "Umekuwa mlokole siku hizi?" Mzee mmoja alinuna kabisa, akaona amedharauliwa. Binamu alivumilia siku mbili. Krismasi ya mwaka uliofuata hakuja. Alibaki mjini kwenye chumba chake cha kupanga, akaenda Misa peke yake, akarudi akala wali na maharage, akalala. Alinisimulia hayo baadaye bila kumlaumu mtu. "Kule nyumbani," aliniambia, "naona kama kuna mtu mmoja tu asiyealikwa, na ndiye mimi."

Jamani. Sikukuu ya Mungu aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, na sisi tumeisherehekea mpaka ndugu yetu akakosa nafasi!

Mtume Paulo aliliona hili zamani. Anawaambia Warumi (sura ya 14) kwamba ni vema kuacha nyama, divai, au chochote kile kinachomfanya ndugu ajikwae. Hakusema divai ni mbaya. Alisema ndugu ni wa thamani kuliko divai. Na wapo waliolichukua kwa moyo wote. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin, aliyeanza kulewa akiwa bado kijana mdogo, aliweka nadhiri ya kuacha mwaka 1884 na hakurudi tena hadi alipofariki mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa. Mwaka 1898, mji huo huo wa Dublin, Padre James Cullen, Mjesuiti, alianzisha chama cha Wakatoliki wasiokunywa kabisa, kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Unajua alikianzisha siku gani? Tarehe 28 Disemba, ndani ya oktava ya Noeli. Watu wale hawakuichukia furaha. Waliitoa sadaka yao kwa ajili ya wasioweza kunywa na kubaki salama. Kwa hiyo, kijana usiyekunywa, usione haya mezani. Hujapungukiwa Ukatoliki hata kidogo.

Mwaka wa tatu Shangazi alimpigia mwanawe simu: "Njoo." Basi. Siku ya Noeli, baada ya Misa, alitoa vyombo viwili, kimoja cha komoni na kimoja cha togwa iliyotengwa mapema kabla haijachachuka. Makopo yalikuwa ya aina moja. Kopo la kwanza, kabla ya mtu yeyote, akampa babu yetu, mkubwa wa meza yote, na lilikuwa la togwa. Babu akanywa, akafuta ndevu, akasema ni tamu. Baada ya hapo nani angemcheka mtu kwa kunywa togwa? Kopo likazunguka, kila mtu akachota alipotaka, na hakuna aliyeuliza la mwenzake lina nini. Walionywa komoni waliifurahia kweli kweli, na sikuona aliyefurahi kidogo kuliko mwaka wa nyuma.

Jibu langu kwa yule dada

Dada, nadhani utaijua furaha yako kwa kuitazama inavyomtendea asiyekunywa. Kama mtu mmoja akisema "asante, mimi hapana" na meza nzima ikapoa, basi iliyokuwa inachangamsha meza ni pombe. Kama akisema hivyo na meza ikasogea ikampa nafasi, basi kinywaji kilikuwa mgeni tu katika furaha kubwa kuliko chenyewe. Furaha ya Kristo kuzaliwa ilitangazwa kwa watu wote, malaika hakubagua. Ya pombe peke yake inawatosha wanaokunywa.

Kwa hiyo mimi sisemi usinywe. Kama umetimiza miaka 18, una afya, hushiki usukani wala pikipiki, nyumba yako ina unga na umetoka Misani, pokea kopo lako kwa shukrani, lionje polepole, ulisifu mkono uliopika. Ni zawadi. Lakini ingoje siku yake, na ijue mwisho wake. Kabla hujaonja, tazama meza: nani hayupo, na kwa nini?

Wiki hii ya Majilio jiulize:

1. Ni kinywaji au kitu gani nimekizoea kila siku hata Noeli haina tena ladha kwangu? Naweza kukiacha mpaka Mkesha?
2. Nani katika ukoo au jumuiya yangu anaogopa kuja nyumbani Krismasi? Nimpigie lini?
3. Nani atachoka ili mimi nifurahi, na nitamsaidia kazi gani?

*Tusali.* Ee Bwana Yesu, ulikaa arusini Kana na hukuona haya kuwafurahisha wenyeji wako. Tufundishe kungoja, tufundishe kushukuru, tufundishe kusema basi. Wasimamie ndugu zetu wanaopambana na ulevi, na wale waliopata nguvu ya kuacha uwape meza ya kukaa. Uzaliwe kwetu mwaka huu, katika joto letu na tope letu, na asikosekane mtu hata mmoja. Amina.